Kiti cha Saba kwa Mama Wepesi

Apa kwanza. Weka mkono kifuani useme hutamwambia mtu, hata mumeo, hata shoga yako mnayeombana chumvi. Umeapa? Basi sogea. Mimi nami niliapishwa vivyo hivyo, na kiapo changu kilikaa mdomoni siku tatu tu, kikaanza kuniwasha.

Ni habari ya yule fundi cherehani wa pale kona, mwanamke mpole ambaye tangu kiwanda cha nguo kiungue hafungi mlango wa chumba chake, hata mvua ikipiga ndani. Mdogo wake alifia humo kiwandani. Cherehani zao zilikuwa jirani. Moto uliposhika, mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Fundi alitokea dirishani, mdogo wake hakutokea. Toka siku hiyo, akifumba macho tu, anasikia cherehani thelathini zikilia kwa pamoja, kisha moja moja zikinyamaza.

Jioni moja alikuwa na kazi ndogo: kupeleka foronya saba za mito ya viti kwa Mama Wepesi.

Mama Wepesi alihamia mtaani mwaka jana, hajulikani katokea wapi, na kazi yake ni kuwaondolea watu machungu. Unaketi, unafungwa macho, unatoka mwepesi kama kuku aliyenyonyolewa. Msusi, shoga yake fundi, alishapitia hapo. Mumewe, mwashi mwenye sauti ya mkwaruzo, alianguka kutoka ghorofani, na msusi alilia miezi minane hadi wateja wakamkimbia, maana nani anataka kudondoshewa machozi utosini? Alipotoka kwa Mama Wepesi alikuwa anaimba. Ndiye aliyekuwa akimsukuma fundi: nenda na wewe, mbona unajitesa.

Kulikuwa na njia nyingine, mshauri wa zahanati, binti wa miwani. Huyo hata matibabu hajaanza. Wiki mbili anauliza tu: unalala vipi, una presha, umewahi kuanguka kifafa, umewahi kutaka kujidhuru, nani yuko nawe siku ikikulemea. Alimwambia wazi kwamba kuusimulia moto ule kunaweza kumzidishia ndoto mwanzoni, kwamba njia hiyo haimfai kila mtu, na kwamba siku yoyote akisema basi, wataacha. Tena akamwambia, kokote uendako kutibiwa, hata hapa kwangu, uliza kwanza.

Fundi alichoka kuulizwa. Alitaka kulala. Ila aliogopa jambo moja: akiondolewa moto, sura ya mdogo wake itabaki?

Nyumba ya Mama Wepesi ilinukia sabuni. Chini ya sabuni... kitu kama nywele zilizoungua. Sebuleni watu sita walikaa duara, wamefungwa vitambaa vyeupe machoni, kimya. Msusi alikuwa mmoja wao. Kiti cha saba kilikuwa kitupu.

Fundi alitania kwamba foronya sita zingetosha.

"Ya saba ni yako, mwanangu."

Akauliza kama alivyofundishwa. Kazi hii Mama Wepesi alijifunza wapi? Akajibiwa kwamba mvua haifundishwi kunyesha. Na mtu akizidiwa je? Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Naweza kusema basi katikati?

Hapo Mama Wepesi aliacha kutabasamu.

"Ukianza, unamaliza."

"Na sura ya mdogo wangu?"

"Kitakachobaki hakitakuuma."

Mama huyo hakuwa amemuuliza hata jina. Wala usingizi, wala presha, wala nani atakuwa naye kesho. Sasa mafundi wa nguo wana msemo wao: anayekata kitambaa bila kumpima mwenye mwili, ama amelewa ama ni mwizi.

Mama Wepesi hakuwa amelewa.

Fundi akamwinamia msusi, akamnong'oneza, "Shoga, twende. Mumeo angekuwapo, angekukataza."

Msusi aligeuza uso wenye kitambaa. Akatabasamu.

"Mume gani?"

Akaeleza kwa upole kabisa kwamba amekuja kumalizia mabaki. Kuna koti la mwanamume linaning'inia chumbani kwake, kila akiliona linamtia huzuni, naye hajui ni la nani.

Nyuma yao, komeo likalia.

Klak.

Taa ikazimwa. Cherehani thelathini zikaanza kulia kichwani mwa fundi. Moshi ukamjaa kooni. Uchovu ukamwambia aketi, afumbe macho, aondolewe yote yaishe. Kiti kilikuwa hapo hapo, kinamgusa paja.

"Basi," alisema. "Mimi sitaki."

Gizani kulikuwa na sauti... ya kufyonza. Kama mtu anayenyonya uboho kwenye mfupa. Taratibu... inatulia... inameza.

Ilitokea upande wa msusi.

Fundi alipapasa ukuta. Rangi ikambandukia kuchani. Msumari. Waya. Swichi.

Akabonyeza.

"Vueni vitambaa," alisema. "Tazameni wenyewe."

Wakavua, na wote wakaona. Mama Wepesi alikuwa ameinama, mdomo umegandamana na sikio la msusi, mashavu yamebonyea ndani. Alijinasua, lakini alichelewa. Uzi mweusi, mwembamba, umelowa, ulining'inia kati ya sikio lile na meno yake. Ulikuwa bado unatembea. Ulikuwa unaingia.

Mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango akafungua komeo, akaita watu, na wapita njia wakajazana kizingitini. Mzee akageuka, akauliza polepole, kama anayemkuta mjukuu jikoni:

"Mama, unakula nini?"

Mama Wepesi alifunga mdomo. Akaubana kabisa, midomo ikawa myeupe. Hata hivyo sauti ilitoka kooni mwake, ya kiume, ya mkwaruzo, ya mtu aliyekaa siku nyingi mahali pasipo na mwanga.

"Mke wangu, mbona umeniacha humu?"

Wote wakamgeukia msusi. Naye alikuwa anamtazama Mama Wepesi kwa adabu, kama aliyebishiwa hodi na mgeni.

"Samahani," akasema, "nani huyo?"