Yule Aliyesema kwa Mdomo Wangu

Mama alikuwa akikunja nguo sebuleni. Mbele yake binti yake, fundi cherehani, alikuwa akishona vifungo. Mtaani walimwita Chiriku kwa kupenda kusema. Siku hizo alikuwa akirekodi video na kuziweka mtandaoni, akiwahimiza vijana wenzake wakamchague diwani.

Mara sauti ya Chiriku ikasikika kutoka chumbani.

"Vijana wenzangu, kesho msiende. Uchaguzi umeahirishwa."

Mama alimtazama binti yake. Alikuwa ameuma uzi. Mdomo umefumbwa.

"Mwanangu," mama alinong'ona, "nani yuko ndani?"

Kaka yake Chiriku, kinyozi, akatoka chumbani na simu. "Dada, mbona umetugeuka?"

Kwenye simu, Chiriku alikuwa akiongea. Kilemba chake. Kicheko chake. Hata kile kikohozi chake kidogo. Ila macho hayakupepesa kabisa.

"Huyo si mimi," alisema Chiriku, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Mama akamwita jirani, mtangazaji wa redio. Watoto walimwita Shangazi.

"Shangazi, ni jini?" kinyozi aliuliza.

"Jini apige kampeni? Huyu ni mtu. Amechukua video za dada yako, kompyuta ikaiga uso na sauti. Anataka vijana mbaki nyumbani, wengine wawachagulie."

"Tufanye nini?"

"Msiitume kwa yeyote, hata kwa mzaha. Iripotini mtandaoni. Kisha tuwaulize wenye uchaguzi wenyewe."

Shangazi alipiga simu ofisi ya uchaguzi. Kura ilikuwa palepale, kesho asubuhi.

"Basi nirekodi nyingine, nikanushe," alisema Chiriku.

"Rekodi. Lakini watajuaje yupi ni wewe?"

Chiriku akavaa viatu. Kisha akapita nyumba kwa nyumba na kaka yake. Fundi baiskeli wa mtaani alipomwona alirudi nyuma.

"Wewe ni yupi?"

Chiriku akampa mkono. Fundi akaushika kwa woga. Ulikuwa na joto.

"Karibu ndani, dada," akasema.

Asubuhi, Chiriku na kaka yake wakiwa kwenye foleni ya kura, simu ya kinyozi ililia. Alikuwa fundi baiskeli.

"Kaka, ile picha uliyopigwa dukani kwako imeanza kusema mtandaoni. Inasema kituo kimefungwa."

Kinyozi aliutazama mlango wa kituo. Hakuwahi kurekodi video maishani mwake.

"Umeituma kwa watu?"

"Hapana. Niko na wenzangu hapa. Tumesema tukuulize kwanza."

"Kituo kiko wazi. Njooni."

Wakaja wote. Foleni ikarefuka hadi ikapinda kona.