Sponji Ndani ya Barakoa

Fundi mwenyewe hakatai: siku ile mjinga alikuwa yeye, na ujinga wake aliushona kwa sindano na uzi.

Jina la Fundi alipewa nyumbani, maana kitu kikiharibika mikono humwasha mpaka akiguse. Alipofika miaka kumi na miwili, kilichomkera zaidi kilikuwa uso wa baba yake. Baba alikuwa muuguzi katika wodi ya kifua kikuu. Kila jioni alirudi na mistari mashavuni na alama nyekundu juu ya pua, pale barakoa ilipombana kutwa.

"Baba, leo umelalia mkeka au kikapu?" Fundi humtania.

"Kikapu, mwanangu. Mkeka ni wa wakubwa," baba hujibu, akicheka kwa upande mmoja, kwani wa pili uliuma.

Wiki ile alama ya puani ikawa kidonda. Baba alipoingia kuoga, Fundi alifungua mfuko wenye barakoa mpya ya kesho, akakata sponji ya godoro kuukuu na kuishona kwa ndani, ukingo mzima. Akalala akijisifu.

Kesho yake asubuhi, kipindi cha kwanza, mwalimu wa sayansi alieleza kwamba vijidudu vya kifua kikuu huelea hewani.

"Vinaweza kupita tundu la sindano?" Fundi aliuliza.

"Tundu la sindano kwao ni lango."

Alimweleza mwalimu ukweli wote, akapewa ruhusa, akavuka barabara kuelekea hospitali, miguu niponye.

Alimkuta baba barazani mwa wodi, amesimama mbele ya muuguzi mkuu, mama mmoja mfupi ambaye hata madaktari walimwogopa. Mkononi mwa mama huyo ilikuwamo ile barakoa.

"Shikamoo," Fundi alisema akihema. "Baba, usiivae. Ni mimi niliyeishona."

"Marahaba. Hakuingia nayo," muuguzi mkuu alijibu. "Baba yako kila akivaa huifunika kwa viganja, akapuliza, akasikiliza kama hewa inavuja. Miaka tisa hajaruka hata siku moja. Leo upepo ulimpiga machoni."

Fundi alimtazama baba yake. Kumbe fundi wa nyumba ile hakuwa yeye.

"Nilitaka usiumie," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua, mwanangu. Lakini zana ya kazi ya mtu haiguswi bila kuuliza. Huruma isiyouliza huua," baba alisema, akamshika bega. "Ila umekuja kusema mwenyewe. Hapo umenizidi mimi."

"Kakuzidi kweli," muuguzi mkuu alidakia. "Kidonda kakiona mtoto, mimi sijaambiwa. Mafuta ya ngozi upake nusu saa kabla ya kuvaa. Mikanda usiikaze kama unafunga mzigo wa baiskeli. Kila saa mbili utoke, uivue kwenye chumba safi, uso upumue. Na leo wodini huingii. Unakwenda kufungwa kidonda."

"Lakini mkuu, wagonjwa ishirini na wawili wananingoja. Uso wangu utapona tu."

Muuguzi mkuu alimrudishia barakoa yenye sponji.

"Ngozi ndiyo barakoa ya kwanza uliyopewa. Hiyo ikichanika, stoo hatuna nyingine."