Breki Zile Zile

Isa alikuwa mchuuzi wa maharagwe. Aliyanunua kwa wakimbizi wa kambi ya Nakivale, nchini Uganda, akayapeleka kwa baiskeli mpaka mji mdogo wa Rwekubo. Kutoka pale yalipakiwa kwenye gari la Mbarara.

Njiani palikuwa na mteremko mrefu, na chini yake kisima. Isa aliushuka amepanda, na gunia moja nyuma. Alijua pa kubana breki. Akibana penye kichuguu, baiskeli husimama kabla ya kufika kisimani.

Siku moja, mwaka 1987, maharagwe yalikuwa yanatakiwa sana. Isa alifunga magunia mawili, moja juu ya jingine. Mchuuzi mwenzake, Buruhan, alimtazama akatikisa kichwa.

"Isa, leo shuka kwa miguu."

"Kwa nini? Breki ni zile zile, bwana."

"Lakini mzigo si ule ule."

Isa alicheka, akapanda.

Baiskeli ilishika kasi. Penye kichuguu alibana breki kwa mikono yote miwili. Mwendo ulipungua kidogo tu. Kisimani alikuwapo Topista, mama mkimbizi aliyemuuzia maharagwe mara nyingi. Alikuwa ameinama anafunga jerikani yake ya maji.

"Toka! Mama, toka!" Isa alipiga kelele.

Topista aliinua kichwa. Alijaribu kuruka, akachelewa. Baiskeli ilimgonga, magunia yakamwangukia, mfupa wa paja ukavunjika.

Isa na Buruhan walimbeba mpaka Rwekubo, wakapata gari la kumpeleka hospitali ya Mbarara. Njia nzima Topista aliuma kitambaa chake cha kichwa. Hakumlaumu mtu. Isa alitamani mama yule amtukane.

Jioni Isa alikwenda kwa dada yake mkubwa, Kaudha, mwalimu wa sayansi pale mjini Mbarara.

"Dada, breki zilikuwa nzima," alisema. "Nilibana pale pale pa siku zote. Sielewi."

Kaudha aliinuka. Alitoa baiskeli ya mumewe uani. "Isukume mpaka ikimbie, kisha isimamishe kwa mkono mmoja, bila breki."

Isa alifanya hivyo. Ilisimama upesi. Kaudha akafunga gunia la mahindi nyuma ya baiskeli. "Haya, tena. Mwendo ule ule, mkono ule ule."

Safari hii baiskeli ilimburuta hatua kadhaa kabla ya kutulia.

"Umeona?" Kaudha aliuliza. "Kubadilisha mwendo wa kitu kunataka nguvu. Kukianzisha, kukiongezea kasi, hata kukisimamisha. Kitu kikiwa kizito zaidi na nguvu ikabaki ile ile, mwendo wake hubadilika polepole. Breki zako zilifanya kazi, mdogo wangu. Lakini zilihitaji nafasi ndefu zaidi, nawe hukuwa nayo. Tena mteremko ulikuwa unauvuta chini mzigo wote ule."

"Na kama ningeanza kubana juu kabisa?"

"Ungekuja polepole. Mwenye kasi ndogo husimama upesi. Kasi ikiwa mara mbili, nafasi ya kusimama huwa karibu mara nne. Lakini kwa mzigo ule, kushuka kwa miguu ndiko kulikofaa."

Isa alikaa chini, mikono kichwani. "Buruhan aliniambia."

"Ndiyo," Kaudha alisema taratibu. "Alikuambia."

Isa aliporudi Nakivale, aliwakusanya wachuuzi wenzake juu ya mteremko. Aliwaeleza yote, hata kicheko chake. Tangu siku ile walishuka kwa miguu. Mmoja alishika usukani na breki, mwingine alivuta kamba kutoka nyuma. Walichelewa kufika Rwekubo, lakini kisimani hakugongwa mtu tena.

Topista alirudi baada ya miezi mingi, na fimbo. Mguu mmoja ulikuwa umefupika. Kila jioni Isa alimchotea maji.

Jioni moja Topista alimfuata kisimani.

"Leo niache nijaribu mwenyewe," alisema.

Aliinua jerikani ndogo, akaenda hatua chache. Jasho lilimtoka. Akasimama, akaiweka chini, akautazama mlima uliobaki.

"Nisamehe, mama," Isa alisema.

"Nilishakusamehe, mwanangu. Lakini mguu haujui hayo."

Isa aliichukua jerikani. Topista alitangulia na fimbo yake, naye akamfuata nyuma, kwa mwendo wa mama yule.