Santuri ya Tatu ya Baba

Jua lilikuwa linazama niliposhuka stoo ya kituo chetu cha redio kuchukua santuri za marehemu baba. Alikuwa mpiga tarumbeta wa jazi. Watu wanaijua albamu yake ya kwanza tu. Jioni ile, katika kipindi changu, nilitaka wasikie zile walizozipuuza, hasa ya tatu.

Mama alikuwa amenikataza kwenye simu. "Hiyo iache, mwanangu. Kila aliyeipiga redioni alinyamazishwa."

"Na nani, mama?"

Akakata simu.

Niliikuta chini kabisa, jalada limelowa. Nikageuka...

Mzee alikuwa mlangoni. Suti nyeusi. Harufu ya udongo mbichi.

"Rudisha," akanong'ona.

"Wewe nani, mzee?"

"Baba yako ananijua. Tulikubaliana. Ya kwanza ipendwe, hii isisikike."

Nywele zilinisimama. Lakini akilini nilimwona baba tena, sebuleni, akiipangusa santuri ile kwa shati lake, asithubutu kuipiga. Hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Hasira ikanipanda.

"Mlikubaliana wawili. Mimi sikuwepo."

Nikampita. Bega langu halikugusa mtu. Baridi tu.

Studioni, fundi mitambo alinitazama usoni. "Dada, umeona nini?"

"Washa."

Sindano ikashuka. Mkwaruzo... kisha tarumbeta, peke yake, bila haraka. Baba hakuwa akimbembeleza mtu. Taa zikafifia. Nyuma ya kioo cha studio, mzee yule akaweka kidole mdomoni.

Nikaisogelea maikrofoni. Nilitaka kutaja jina la wimbo.

Hakikutoka kitu.

Fundi akanyoosha mkono azime. Nikaudaka. Nikaongeza sauti. Upande wa kwanza ulipoisha, nikageuza.

Kioo kikaanza kutetemeka. Tii... tii... Harufu ya udongo ikajaa hadi fundi akaziba pua. Sikusogea. Noti ya mwisho ilipokatika, nyuma ya kioo hapakuwa na mtu.

Simu zikamiminika. Watu wanalia, wanauliza albamu hii ilifichwa wapi miaka yote.

Sauti yangu haijarudi. Daktari haoni kasoro kooni. Mama ananisihi niombe radhi. Nimwombe nani? Kila Jumatano naandika maneno ya kipindi, fundi anayasoma hewani, na ya tatu tunaipiga yote, pande zote mbili.

Juzi, katikati ya sentensi, fundi akakwama. Akashika koo. Tukatazamana, mimi na yeye, maikrofoni ikiwa wazi, redio nzima kimya.

Kisha akaishusha sindano.