Mvinyo wa Mwaka Usiovunwa

Jua lilikuwa linazama nilipochukua tochi, glasi na ndoo ya kutemea. Nikamwambia shangazi nashuka ghalani, chini ya nyumba yetu, kuonja mvinyo mwekundu wa miaka yote. Kazi hiyo ilikuwa yake kabla haijawa yangu.

"Usimeze," alisema. "Hata ukiombwa na mtu mzima."

Yeye aliombwa. Sauti ya mzee gizani ilimkaribisha glasi, akaona haya kukataa, akameza. Zamani alikuwa akinusa kizibo tu anakutajia mwaka. Tangu siku hiyo, kila chakula kwake ni kama kutafuna karatasi. Akakonda. Akaanza kusema afadhali afe. Mimi hilo silikubali, ng'o!

Nikaanza na chupa changa. Chachu, ukakasi wake unabana fizi kama ndizi mbichi. Hii ilale kwanza. Nikatema. Iliyofuata ilishaanza kutulia. Nikatema. Ya zamani kabisa, ukakasi umelainika lakini bado umesimama, kama mzee asiyetaka kushikwa mkono. Nikatema...

Pua ikashtuka. Udongo mbichi. Kama kaburi la leo.

Mwisho wa safu palikuwa na chupa nyingine. Imefunguliwa. Glasi kando yake imejaa. Mwaka ulioandikwa ni ule ambao moto uliteketeza mizabibu yote, hatukuvuna hata kichala.

"Onja, mwanangu," mtu alinong'ona nyuma ya mapipa.

Nilitaka kukimbia, nisikudanganye. Lakini nilikuwa nimeifuata glasi hiyo hiyo. Nikaonja.

Tangawizi. Maziwa ya moto. Asali... Kila alichokipenda shangazi kilikuwa mdomoni mwangu.

"Meza."

Nikatikisa kichwa.

"Meza! Huna adabu?"

Sina. Nikaiacha ndoo, nikapanda ngazi mashavu yamejaa. Nyuma yangu, nyayo. Kisha sauti ya marehemu mama ikaniita, kwa upole ule ule. Kuitika ni kufungua koo. Machozi yakanitoka.

Sikuitika.

Nikaingia jikoni, nikatema vyote kwenye kikombe cha shangazi. "Kunywa!"

"We mtoto una wazimu?"

"Kunywa, shangazi, nakuomba!"

Akanywa. Akavuta sufuria ya mchuzi, akaonja, akasonya. "Nani kapika uchafu huu? Chumvi imezidi!"

Nilipika mimi. Tukacheka mpaka tukalia.

Ila pale kwenye ngazi, tone moja lilinitoroka, likashuka kooni. Asubuhi nikatia sukari kwenye chai, nikaongeza, nikaongeza tena. Wapi! Na chini ya sakafu nikasikia kizibo kikitoka... polepole... na mtu akijimiminia.

Sukari yangu anayo yeye. Haya. Uchachu ninao, ukakasi ninao, na adabu bado sina.

Jioni nashuka.