Uyoga wa Juu ya Paa

Maiti ililala kifudifudi kando ya tangi la maji, juu ya paa la jengo la ghorofa tano. Ukuta wa kibanda cha ngazi ulikuwa umeiangukia mgongoni. Mkono mmoja ulikuwa bado umeshika koki ya tangi, na koki yenyewe ilikuwa wazi.

Marehemu alikuwa mtunza jengo. Wapangaji wote walimwita Babu Funguo kwa ule mtungo wa funguo aliotembea nao kiunoni, ukilia kila hatua, kiasi kwamba watoto walijua anapita ngazi ipi bila kuchungulia. Maskini, leo ulikuwa kimya.

Inspekta alichuchumaa, akatazama, akanyanyuka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hasira zake alizibana kwenye meno.

"Ajali, afande," alisema sajini wake. "Matofali ya zamani. Yalichoka."

"Hii hapa nayo ni ajali?"

Alionyesha fremu ya chuma iliyobeba tangi. Paa zima lilikuwa limevaa vumbi la matofali: mabomba, kamba za kuanikia nguo, hata viatu vya marehemu. Lakini juu ya fremu palikuwa na duara moja safi, upana wa sahani. Pembeni ya duara, nati tatu zilikuwa zimepangwa vizuri.

"Loo! Uyoga umeibwa," sajini alisema.

Uyoga ndilo jina ambalo wapangaji walikipa kile chombo cheupe chenye kichwa cha duara. Kilikuwa kipokezi cha setilaiti, cha kupima kwa usahihi mkubwa. Jengo lilipopasuka nyufa miezi kadhaa iliyopita, watu walitolewa. Waliruhusiwa kurudi siku kipokezi kilipofungwa juu ya paa, kwa sababu chombo hicho hutambua jengo likizama au likiinama hata kwa unene wa ukucha.

"Aliyekichukua alikuja baada ya vumbi kutulia," alisema Inspekta. "Alipita mbele ya maiti, akafungua nati moja moja, akaondoka."

"Mwizi wa vyuma chakavu?"

Inspekta aliinua ncha ya waya uliobaki ukining'inia. Haukukatwa. Ulifunguliwa kwa mkono, kisha ncha yake ikavishwa kimfuko cha plastiki na kufungwa raba, isiingie unyevu.

"Wewe ushamwona wapi mwizi anayeutunza waya anaouacha?"

Chini, upande wa pili wa barabara, wapangaji walikuwa wamekaa juu ya magodoro na mabegi. Mwenye jengo alimkimbilia Inspekta huku akijipangusa jasho.

"Inspekta, ukuta mmoja tu umeanguka! Jengo si limesimama? Waache watu waingie, mvua hiyo inakuja."

"Uyoga ulikuwa unasemaje?"

"Kwamba tuko salama. Mpimaji aliyeufunga aliniambia kila wiki: usijali, ni tangi tu."

"Tangi limefanya nini?"

"Sasa hayo mimi nayajulia wapi? Ni mambo yao."

"Hakuna anayeingia," alisema Inspekta. "Mpaka nijue jengo hili linaendelea kusogea au limetulia."

Minong'ono ilipanda. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimpigia msonyo, na Inspekta akauvumilia.

Mjane wa Babu Funguo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kanga imemwanguka mabegani. Hakuwa analia. Alikuwa akitazama mlango wa jengo kama mtu anayesubiri mwenzake atoke.

"Pole sana, mama. Ulikuwa wapi ukuta ulipoanguka?"

"Ngazi ya chini yake, binti yangu. Nilikuwa nampelekea chai."

"Ulisikia nini?"

"Alikuwa kwenye simu. Akasema, 'Nimeyamwaga yote, mwanangu, tangi tupu. Zimerudi?' Halafu kimya. Akauliza tena, 'Zimerudi? Mwanangu, upo?' Ndipo nikasikia kishindo."

"Mwanangu yupi?"

"Ee, huyo kila mtu alikuwa mwanawe. Hata mwenye jengo alikuwa mwanawe."

"Na nini kilitakiwa kurudi?"

"Sijui. Tangu asubuhi najiuliza."

Inspekta akamwambia sajini, "Niletee mpimaji. Na ufungue buti la gari lake."

Mpimaji aliletwa kituoni akiwa na suruali iliyochafuka vumbi jekundu hadi magotini. Alikuwa kijana bado, mwenye mikono safi na kucha zilizokatwa vizuri. Hata kabla ya kuketi aliuliza, "Wapangaji wako wapi?"

"Wako nje. Unataka warudi ndani?"

Sajini aliweka mezani koti la mvua lililotoka kwenye buti, akalifunua. Uyoga ulikuwa ndani yake, umefutwa vumbi.

"Hiki ni chako?"

"Ndiyo, afande."

"Ulikiiba?"

"Nilikichukua."

"Ukampita mzee wa watu?"

"Nilimgusa shingo kwanza. Alikuwa ameshakwenda."

"Simu yake ya mwisho alikupigia wewe."

"Mimi."

"Mpimaji, nje kuna watu na watoto wao, na mwenye jengo anawasukuma waingie. Niambie leo jengo liko salama au haliko salama, kisha mengine tutayaongea."

Kijana aliziba uso kwa viganja.

"Wasiingie! Kwa jina la Mungu, afande, mtu asiingie. Linazama. Limekuwa likizama muda wote."

Inspekta alimtazama sajini. Sajini alitoka mbio, simu ikiwa tayari sikioni.

"Haya. Anza mwanzo."

"Chombo kama hiki hakifungwi popote," alisema mpimaji. "Kinatakiwa kisimame juu ya nguzo ya zege iliyoshikana na nguzo za jengo. Zege unalimwaga, unaliacha likauke, ndipo unafunga. Mimi sikuisubiri nguzo. Nilikifunga juu ya fremu ya tangi."

"Kwa nini?"

"Babu Funguo alinibembeleza. Watu walikuwa wanalala kwenye sakafu ya ukumbi wa shule. Akaniambia, 'Fanya haraka, mwanangu, watoto wamekohoa vya kutosha.' Nikaona nitawasaidia. Nikasema nguzo nitaijenga baadaye, na hiyo baadaye haikufika."

"Endelea."

"Tangi likijaa, fremu inashuka kidogo. Likipungua, inapanda. Kwa hiyo namba zilipoanza kushuka nikasema, ah, ni tangi. Wiki iliyofuata nikasema ni tangi. Kila mara jibu nilikuwa nalo mkononi."

"Hukuwahi kushuku?"

"Nilishuku. Ndiyo maana leo nilimwomba alimwage maji yote, nami nikiangalia namba kwenye kompyuta ofisini. Zikipanda na kurudi zilikoanzia, kosa ni la tangi. Zisiporudi..."

Feni ilizunguka juu yao, ikitoa mlio kama wa panya.

"Zisiporudi?"

"Kosa ni langu."

"Alikuuliza kama zimerudi."

"Aliniuliza."

"Ulikuwa unaziona?"

"Zilikuwa mbele ya macho yangu, afande. Hazikurudi. Zilikuwa zinazidi kushuka, palepale, nikiziangalia."

"Ukamwambia nini?"

Machozi yalimtoka kijana bila yeye kuyafuta.

"Ningesema 'shuka, Babu', ningekuwa nimekiri kwamba miezi yote hii niliwalaza watu ndani ya kaburi. Nikatafuta maneno. Nilikuwa bado nayatafuta aliponiuliza mara ya pili. Halafu nikasikia kishindo."

"Na uyoga?"

"Namba zote tangu mwanzo zimehifadhiwa humo ndani; kompyuta huonyesha za wakati huo tu. Niliona aibu. Nilijua nitawaambia tu, lakini niliona aibu."

Inspekta aliyaandika maelezo ya onyo, kijana akatia sahihi. Mashitaka yalikuwepo: uzembe uliosababisha kifo, kuficha ushahidi. Alimfunga pingu mwenyewe, taratibu, na hakuweza kumchukia kama alivyotaka.

Aliporudi kwenye jengo, mvua ilikuwa imeanza. Wapangaji walikuwa wanapakizwa kwenye lori, magodoro yamefunikwa maturubai. Mwenye jengo alisimama peke yake akitazama juu, mdomo wazi. Ufa mpya ulikuwa umeshuka hadi ghorofa ya pili.

Mjane alikuwa bado kwenye kiti chake. Mtungo wa funguo ulikuwa mapajani mwake, polisi walikuwa wamemrudishia.

"Umempata?"

"Nimempata, mama."

"Vile vitu alivyokuwa anaviulizia. Vilirudi?"

"Ni namba za kipimo cha jengo. Hazikurudi."

"Na yule kwenye simu alijua?"

Inspekta alitamani awe na uongo mdogo wa kumpa. Hakuwa nao.

"Alijua, mama. Aliona aibu kusema."

Mjane aliuinamia ule mtungo, akazigeuza funguo moja baada ya nyingine, kama anayetafuta ya mlango wake.

"Angemwambia tu," alisema. "Mume wangu alikuwa mwepesi wa ngazi."