Ufunguo Usiochongwa

"Jamani, msikanyage! Ufunguo wangu!"

Ilikuwa saa nne asubuhi, mlangoni mwa jengo la maduka, pale watu wanapopigana vikumbo. Mwanamke wa gauni la maua na buti nzito za kazi alikuwa amepiga magoti anapapasa sakafu. Aliyeuona ufunguo ni fundi funguo, mwenye kibanda palepale mlangoni. Aliuokota, akaupangusa kwa shati. Ulikuwa mfupi, kichwa chekundu, meno sita, na cheni yake imekatika.

"Nikuungie cheni, dada?"

"Tafadhali, fundi."

"Na nikuchongee wa akiba, siku nyingine usipige magoti."

Mwanamke aliunyakua mkononi mwake. "Huu hauchongwi."

"Kila ufunguo unachongwa."

"Huu hauchongwi, nimesema. Unga cheni."

Mtu mwenye akili zake angeunga cheni, akashika chake, yakaisha. Huyu aliyatazama yale macho, akaitazama midomo iliyonuna, na kazi ya dakika mbili ikachukua nusu saa.

"Gauni la maua na buti, wapi na wapi?"

"Gauni langu, buti za kazini."

"Kazi gani hiyo?"

"Kituo cha betri. Mchana jua linatoa umeme mwingi kuliko tunaoutumia, tunauweka kwenye betri kubwa kama nyumba. Jioni jua likizama, nyote mnawasha taa na pasi kwa pamoja, sisi tunautoa."

"Kwa hiyo wewe ni Betri."

"Na wewe mwenye meno ya funguo ubao mzima, nikuiteje? Meno?"

Basi wakawa Betri na Meno. Miezi minne walipendana hadi majirani wa kibanda wakachoka. Betri akipita na soda mbili, fundi huacha mteja anangoja. "Umenichaji, mpenzi," humwambia, na Betri humpiga kibao cha mgongo akicheka.

Lakini kulikuwa na jambo. Kila siku, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, simu ya Betri iliita bila kupokewa. Na ule ufunguo hakuuvua. Fundi akauliza.

"Wa kazini," Betri alijibu.

"Wa kazini gani usio na wa akiba? Ofisi zote za mji huu nimezichongea mimi."

"Meno, niliwahi kuwa na mchumba aliyepekua mkoba wangu kila nikiingia mlangoni. Nilimwacha. Ukiniuliza mara ya tatu, nakuacha na wewe."

Fundi hakuuliza tena, na hapo ndipo maradhi yalipomwingia. Alikuwa akichonga huku anawaza. Ufunguo una mlango, mlango una chumba, chumba kina mtu. Na mtu mwenyewe alishamjua: mfanyakazi mwenza aitwaye Mrefu, ambaye Betri alimtaja kila mazungumzo. Mrefu kasema hivi, Mrefu kacheka vile.

Jumapili moja dada yake fundi alikuwa anamsuka Betri barazani. Cheni ilikuwa inanasa nywele, kwa hiyo waliivua wakaiweka ndani, mezani. Simu ikaita. Fundi aliisikia sauti ya mwanamume.

"Mrefu, kufuli langu liache hapohapo," Betri alisema. "Bila mimi hakuna kufungua. Kesho nakuja mwenyewe."

Damu ilimchemka fundi. Alichukua kipande cha sabuni, akakandamiza ufunguo pande zote mbili, akaurudisha mezani. Dada yake alimwona akitoka na mkono mfukoni.

"Umechukua nini wewe?"

"Sabuni."

"Mdogo wangu, ukimchunguza sana bata, humli."

"Bata gani, dada? Mimi nanawa tu."

Jumatano jioni alipiga simu mara kumi na saba. Akavaa shati lake jeupe la harusi za watu, akaunyoosha mkunjo wa suruali kwa pasi, akatia pacha wa ule ufunguo mfukoni, akaenda. Leo leo, alijiambia. Leo atajua ni wa mlango gani.

Kituo kilikuwa nje kidogo ya mji: uzio, taa kali, na makontena meupe yaliyopangwa safu, yote yakinguruma. Mama mlinzi alimzuia getini.

"Simu weka hapa. Humu hakuna anayeingia na simu."

"Kwanza nampigia mtu."

Akampigia Betri. Nyuma ya mama mlinzi, kwenye sanduku lenye vijumba vya simu, kimoja kikatetemeka na kuwaka. Jina kwenye kioo lilikuwa "Meno wangu". Fundi alisimama anaisikia simu yake mwenyewe ikiita. Aibu ya kwanza ilimpata hapo, lakini wivu una kichwa kigumu.

"Niitie Mrefu," alisema.

Mrefu alikuja, kofia ngumu kichwani, jasho shingoni. Fundi akamwonyesha ufunguo. "Huu ni wa mlango gani?"

Mrefu aliutazama, akabadilika rangi. "Umeupata wapi?"

"Mlango gani, bwana?"

"Huu si wa mlango! Njoo hapa." Akamshika mkono, akamsogeza kwenye uzio. "Unaliona kontena namba saba? Hapo ubavuni kuna swichi, na kwenye swichi kuna kufuli jekundu. Soma."

Kwenye kufuli kulikuwa na kadi yenye picha ya Betri. Chini yake pameandikwa: MTU YUKO NDANI. USIWASHE.

"Lina hitilafu tangu Jumamosi, anatengeneza. Mikono yake iko kwenye nyaya sasa hivi. Kufuli hilo likitoka, mtu akawasha, tunamtoa maiti. Ndiyo maana kila fundi wa hapa ana kufuli lake, ufunguo mmoja, na anauvaa mwenyewe. Hata bosi hana."

Fundi alishika uzio. Mapenzi yake yote kwa yule mwanamke yalimrudia kwa mkupuo, na kifo chake amekishika mkononi, amekichonga mwenyewe, tena kwa ustadi.

Betri alitoka ndani ya kontena akivua glavu. Alimwona, akatabasamu, kisha akaona kilicho mkononi.

"Nani kakupa?"

"Nimechonga. Kwa sabuni, siku ile ya kusukwa."

"Ulidhani ni wa wapi?"

Fundi akamtazama Mrefu.

"Mimi?" Mrefu alishangaa. "Mimi nina mke na mapacha wa miezi mitatu, bwana. Muda nautoa wapi?"

Hakuna aliyecheka. Mrefu akashusha sauti. "Tuuvunje tu, dada. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Andika kwenye kitabu kwamba ufunguo wangu umechongwa."

Kufuli likakatwa jioni ileile. Betri akaondolewa uwanjani hadi wakubwa waamue kama atarudi au ndiyo kazi imekwisha. Getini alichukua simu yake, hakugeuka. "Namba yangu ifute," alisema.

Kesho yake fundi hakufungua kibanda. Alikwenda kwa wakubwa wa kituo na kile kipande cha sabuni kwenye karatasi, akakiweka mezani.

"Unajua tunaweza kukupeleka polisi?"

"Najua. Lakini hakunipa. Nilimwibia. Kosa ni langu peke yangu, niandikeni mimi."

Zikapita siku kumi na tisa. Alichonga funguo za watu, na kila buti zilizopita mlangoni alizitazama.

Siku ya ishirini zikasimama buti alizozijua. Gauni lilelile la maua, ila safari hii vifungo vyote hadi kooni, na mkono mmoja kifuani, juu ya cheni.

"Nimerudishwa kazini. Nimepewa kufuli jipya."

"Nashukuru Mungu."

"Wamenisomea maelezo yako. Ulipeleka sabuni mwenyewe. Ungefungwa."

"Ndiyo."

"Bado sikuamini, Meno. Ufunguo huu nikioga ninao, nikilala ninao. Hata kuutazama usiutazame."

"Situtazami. Sautazami. Loo, hata kusema siwezi." Alifumba macho kabisa, mikono nyuma. "Nimekukosa, Betri. Nimekosa hata hasira zako."

Alisikia kitu kikigonga kaunta. Akafumbua jicho moja. Ulikuwa ufunguo wa kawaida, mrefu, uliochakaa.

"Wa nyumbani kwangu," Betri alisema. "Huu unachongwa."

Fundi aliuchukua kwa vidole viwili. Akauingiza kwenye mashine kinyume, akautoa, akauingiza tena.

"Nichonge ngapi?"

"Mmoja. Na usiniulize ni wa nani."